Saa Kumi na Moja za Angani

Jumatatu, 4 Machi

Miguu si yangu leo. Mteja wa mwisho aliuliza mara tatu: ni mbali kiasi gani? Kilomita elfu nane na ushei. Saa ngapi? Kumi na moja tu, mzee, unasinzia kidogo umefika! Ndivyo tunavyosema kaunta ya tiketi — tunataja saa za angani peke yake. Za kukaa uwanja wa kati kungoja ndege ya pili hatuzitaji. Bosi anasema mteja akisikia jumla, anabaki kwao.

Jumanne, 5 Machi

Mama amegoma! Upasuaji ni Alhamisi saa mbili asubuhi, naye haingii chumba kile kabla hajamwona mziwanda wake. Daktari kasema nafasi hii ikipita, nyingine ni wiki tatu mbele, na uvimbe haungoji mtu. Nimemkatia mdogo wangu huko ng'ambo tiketi ya kesho saa kumi jioni, kiti cha mwisho. Safari ya muda gani, mama kauliza. Saa kumi na moja, nikajibu bila kufikiri. Mdomo umeshazoea. Akahesabu kwa vidole: Alhamisi kabla ya jogoo mwanangu yuko hapa. Akatia saini fomu ya upasuaji. Sikumsahihisha. Nimechoka, Mungu wangu, nimechoka.

Jumatano, 6 Machi

Ameondoka saa kumi jioni kwa saa zetu. Sita angani, tisa za kukaa uwanja wa kati, tano angani tena. Kesho saa sita mchana ndiyo atatua! Nimepiga hesabu mara nne, labda itaona haya ibadilike. Dogo kaniandikia akiwa mlangoni mwa ndege: mwambie mama asiogope. Mama kauliza kama imeondoka kwa wakati. Imeondoka, mama. Hilo angalau kweli. Njia ya mwongo fupi, wanasema — yangu ina kilomita elfu nane.

Alhamisi, 7 Machi

Benchi la korido, nje ya wodi. Mlango uko wazi, namwona.

Saa mbili kasoro muuguzi kaja na kitanda cha magurudumu. Mama kashika ukingo wa kitanda chake. Yuko wapi, akauliza. Mimi najua yuko juu ya mawingu, simu imezimwa, bado saa nne nzima! Nikasema, kwa sauti ileile ya kaunta: ameshatua, mama, anangoja begi lake tu.

Uso wake ulivyong'aa! Sijauona hivyo mwaka mzima. Nikadhani yamekwisha, sasa ataingia.

Akaketi. Akaomba kitambaa chake cha kichwa. Akamwambia muuguzi: begi halichukui hata nusu saa, mwanangu, tumngoje. Muuguzi akanitazama mimi. Nikatoka kuja kukaa hapa — naogopa, basi. Daktari keshatuma mtu kuuliza kulikoni.

Mama kajifunga kitambaa vizuri. Lifti imefunguka. Mfagiaji na ndoo yake. Mama kanyoosha shingo, bado anatabasamu.