Hatuuzi Tena Lumbesa

Nyumbani, shambani kwa Mama,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima. Mama goti tu linamsumbua, mdomo wake unaujua, haujawahi kuugua hata siku moja.

Najua unangoja jibu la shamba. Tulikubaliana viazi vya msimu huu visipolipa, tuuze. Nilikubali kwa shingo upande, nikaenda kulia jikoni peke yangu. Sasa kaa chini usome.

Unamkumbuka yule dalali tuliyembandika jina la Bwana Ongeza? Alikuja na lori lake na magunia yale yale, yenye kofia ya wavu iliyoshonewa juu. Unajaza gunia, unajaza na kofia, yeye analipa gunia moja. Hiyo lumbesa ndiyo iliyotumaliza miaka yote.

Basi nikaazima mzani wa yule mzee wa vyuma chakavu, tukauning'iniza kwenye boriti ya ghala mbele ya majirani. Loo! Gunia "moja" la Bwana Ongeza lilikuwa na uzito wa gunia moja na nusu. Watu walishika vichwa. Mama akachechemea na mkasi, akaikata ile kofia. Akamwambia, "Mwanangu, leo ni kwa kilo. Hutaki, barabara ile pale."

Akaondoka na lori tupu, akicheka kwamba vitatuozea. Siku tatu, ndugu yangu! Kila asubuhi nilikuwa ghalani nageuza viazi, natafuta vilivyoanza kuchipua. Majirani nao waligoma pamoja nasi, ila mmoja alitaka kulegea. Mkewe akamfichia magunia.

Siku ya nne tukasikia honi. Ni yeye, mpole kama si yeye, na amekuja na mzani wake mwenyewe! Tukaulinganisha kwanza na wetu, maana sisi si wajinga tena, ndipo akapima na kulipa kila kilo. Vigelegele vile, nadhani hata wewe ulivisikia.

Mbegu za msimu ujao tumeshaweka kando, na ghala limebaki tupu kwa heri. Kwa hiyo yule mnunuzi wa shamba uliyempata, mwambie asijisumbue.

Msalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao amewatengea matuta mawili. Mama anakuombea heri na kifua chepesi. Ile kofia ya wavu anasugulia masufuria.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye bado ana shamba.