Aliyefunga Dohani

Zaozerye, mwezi wa Machi

Kwa mdogo wangu Rodion,

Pokea salamu zangu wewe, mkeo Inessa na Alyona wetu mdogo. Natumaini kikohozi cha mtoto kimekwisha na mgongo wa Inessa umepata nafuu. Ukitaka kujua habari zetu, Mama anakula, anatembea na ananigombeza kutwa, kwa hiyo ni mzima. Mimi nami mwili mzima. Theluji bado imefika madirishani, na barafu ya ziwa haijaanza kupasuka.

Usimkasirikie Shangazi Glafira. Ni mimi niliyemwomba aandike anwani kwa mkono wake, kwa sababu barua zangu mbili ulizirudisha bila kuzifungua. Sasa hii umeshaifungua, basi isome mpaka mwisho. Ukimaliza, ichome ukipenda.

Barua uliyomwandikia Mama ilifika. Unajua macho yake yalivyo, na unajua humu ndani ni nani wa kumsomea. Nilimsomea yote, Rodya, sikuruka hata neno. Nilimsomea ulivyosema utakuja njia zikikauka umchukue akakae kwenu Vologda, kwamba kwenu hakuna kuni wala moshi, ni kuwasha gesi tu, na kwamba atakuwa anabaki na Alyona nyinyi mkienda kazini. Nikamsomea na pale uliposema hutamwacha mama yako afe mikononi mwa mtu aliyemuua Baba kwa uzembe. Sauti haikunitetemeka, nakwambia kweli. Mama alilia kwa furaha, akaniambia nimshushie sanduku kutoka darini, na tangu siku ile anamfumia mtoto soksi. Ndiyo maana nakuandikia. Kama si hiyo safari, ningenyamaza, na ungeendelea kunichukia kwa raha zako.

Wewe uliondoka hapa kijana, labda umeshasahau tulivyoishi na lile jiko letu la matofali, kubwa mpaka mtu analala juu yake. Huko kwenu joto linakuja lenyewe ukutani. Hapa mwanamke anapimwa kwa jiko lake. Anawasha asubuhi, kuni zinaungua, halafu anasukuma lile bamba la chuma na kuifunga dohani, njia ya moshi, ili joto libaki kwenye matofali mpaka kesho yake. Anayefunga mapema nyumba yake inakuwa na joto na kuni zake zinakaa. Anayechelewa anachekwa. Mama alikuwa bingwa wa kucheka wenzake. Akipita kwa Glafira na kuona moshi bado unatoka saa za mchana, alikuwa akipaza sauti toka barabarani, “Glafira wee, kunguru wanakushukuru, umewapashia joto mpaka matakoni!” Na Glafira anamjibu kutoka dirishani kwamba afadhali kunguru wapate joto kuliko yeye kuamka maiti.

Baba naye alikuwa na lake moja. Alikuwa akisema, ukichungulia ndani ukaona juu ya makaa kuna ulimi wa bluu, hata mdogo kama ukucha, usiguse bamba. Huo ulimi wa bluu ni sumu ambayo bado inaungua. Ukifunga, haina pa kutokea, inarudi ndani, na haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwanza kichwa kinauma, halafu usingizi mtamu, halafu basi. Mama alikuwa akimcheka kwamba anaogopa jiko kama mtoto. Walibishana hivyo miaka yao yote, na sisi tuliwazoea.

Majira haya ya baridi Baba mgongo ulimshika kabisa. Hakuweza kushuka bila kushikwa mkono, akawa anashinda kule juu ya jiko palipotandikwa, anasikiliza redio na kulalamika kwamba ninampikia supu ya kabichi isiyo na nyama. Nyama tulikuwa nayo, alikuwa anaimaliza asubuhi.

Siku ile unaijua kwa ulivyosimuliwa. Niliwasha asubuhi. Kuni zilikuwa na unyevu, gogo moja likachelewa kuungua. Gari la mkate likaja, nikaenda kupanga foleni dukani. Niliporudi nilimkuta Mama bandani kwa mbuzi, anaongea nao kama kawaida yake, nikampita nikaingia ndani. Redio ilikuwa inapiga. Nilimwita Baba nimwambie wameleta mkate mweusi alioupenda. Hakuitika. Nilipanda kigoda nikamtazama, uso wake ulikuwa mwekundu na mzuri, kama mtu aliyetoka kwenye bafu la mvuke. Rodya, nilifurahi. Kwa nafasi ya pumzi moja nilifurahi kwamba leo Baba amepata rangi. Kisha kichwa kikaanza kunigonga, nikaelewa.

Nilifungua mlango, nikavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko, nikamvuta mpaka nje kwenye theluji. Sijui nilimbebaje, maana alikuwa mzito. Nilimsugua uso kwa theluji, nikampulizia mdomoni, nikampiga makofi Baba yangu mimi mwenyewe. Hakukuwa na kitu. Mama akatoka bandani na ndoo mkononi, akasimama. Akatazama, akaelewa mara moja, maana ni mambo tuliyokua nayo. Akaniuliza nani kafunga dohani. Nikasema mimi.

Yaliyobaki unayajua. Mganga wa kituo cha afya aliandika, polisi akaandika, kijiji kizima kikasema Tamara alifunga bamba na makaa yangali hai, akaenda kupiga soga dukani. Nilikubali kwa kila aliyeniuliza. Na wewe ulipokuja msibani hukusimama karibu nami kaburini, na kwenye chakula cha matanga ulichukua sahani yangu ya chapati za maji mbele ya watu wote, ukamwekea mbwa chini. Glafira alikuja kunishika bega. Nikamwambia aniache, kwamba mdogo wangu ana haki. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Sitakudanganya kwamba nimesamehe ile sahani.

Nataka ujue tunavyoishi sasa, usije ukadhani nimekaa tu. Nilimleta fundi wa majiko kutoka ng'ambo ya ziwa. Alipanda juu ya paa, akasugua dohani kwa mnyororo na brashi, akatoa masizi ndoo kwa ndoo, na kiota cha ndege kilichokuwa kimeziba nusu ya njia. Nyufa za matofali amezikandika udongo upya. Alinitukana pia, kwamba watu wanapaka chokaa jiko lipendeze nje na ndani limeoza. Kuni mbichi sichomi tena, nachoma za mwaka juzi tu. Chini ya mlango nimekata tundu la kuingiza hewa, na Mama analiziba kwa matambara kila siku, na kila siku ninayatoa.

Na bamba nimeling'oa. Fundi alitaka kulitoboa tundu tu ili sumu ipate pa kutokea hata likifungwa, ndivyo wanavyofanya siku hizi. Nilimwambia hapana, alitoe lote. Nikalipeleka ziwani nikalitupa kwenye tundu walilotoboa wavuvi katika barafu. Sasa dohani yetu haifungiki. Joto linakwenda zake juu, na mimi nawasha mara mbili kwa siku na kupasua kuni kama mwanamume. Mama ananiambia nimemuua mume wake na sasa nataka kumuua yeye kwa baridi. Majirani wanacheka moshi wetu. Wacheke.

Lakini kila asubuhi, Rodya, kuni zikiwa bado zinawaka, Mama anaacha kufuma, anainuka, anakwenda kwenye ukuta wa jiko. Mkono wake unapanda wenyewe mpaka pale bamba lilipokuwa. Unapapasa. Haukuti kitu. Anasimama kidogo, anasahau alichofuata, anarudi kukaa. Mara ya kwanza nilipoona nilitoka nje nikapasua kuni mpaka jioni.

Sasa umeshaelewa, au bado unakataa kuelewa. Nitasema waziwazi basi. Sikufunga dohani. Nilipokuwa natoka kwenda dukani nilichungulia, ulimi wa bluu ulikuwepo juu ya lile gogo, nikaliacha bamba wazi na kumwambia Mama asiliguse mpaka nirudi. Akanijibu kwamba alikuwa anafunga dohani mimi sijazaliwa. Niliporudi ndani kutoka pale kwenye theluji kuchukua blanketi la kumfunika Baba, niliona bamba limesukumwa mpaka mwisho. Na Mama alipoinama kumkumbatia Baba niliona aproni yake. Ilikuwa na alama za vidole vinne vya masizi, pale anapojifutia mkono siku zote. Nilimvua ile aproni mimi, nikaifua kabla mganga hajafika.

Hakumbuki. Nakuapia hakumbuki. Alifunga, akatoka kwenda kwa mbuzi, na likamtoka kichwani kama linavyomtoka sasa kwamba ameshakula. Alipouliza nani kafunga, alikuwa anauliza kweli, ametoa macho, na niliona kwamba baada ya pumzi moja angeanza kuhesabu waliokuwa ndani. Ningefanyaje? Ningemwambia mwanamke aliyeishi na mume wake maisha yake yote kwamba umemuua wewe, kwa mkono wako, kwa ubishi wako wa kunguru? Angekufa kabla Baba hajazikwa. Mimi nina mabega, nikabeba.

Na nilikuwa tayari kubeba mpaka mwisho. Ila sasa unataka kumpeleka mahali pa gesi, umfungie ndani na Alyona siku nzima. Juzi aliweka maziwa motoni akaenda kulala. Jana aliniita Lukerya, jina la dada yake aliyekufa vitani. Moto wa gesi ukizimwa na upepo, hatajua. Akijua, atafunga madirisha kwanza ili joto lisipotee. Rodya, mimi nimeshamwosha maiti mmoja mwenye uso mwekundu. Usiniletee mwingine wa mtoto. Kwa hilo nimevunja kiapo nilichojiapia, na Mungu anisamehe, na Mama asijue kamwe.

Usimchukue. Mwachie mimi na jiko langu lisilofungika. Yeye ataninung'unikia, mimi nitamkalia macho.

Jambo moja nakuomba. Najua moyo wako, najua ukimaliza kusoma utapanda gari la kwanza. Njoo. Lakini ukifika mlangoni usinikumbatie. Usiniombe radhi mbele yake, wala usinitazame kwa huruma. Mama anasahau mengi, lakini nyuso bado anazisoma vizuri kuliko mimi, na akiona umenisamehe ghafla atajiuliza kwa nini. Basi ingia, msalimu yeye kwanza, na mimi nigombeze. Nigombeze kweli, kwa sauti, kama ulivyonigombeza msibani. Nitainamisha kichwa. Mwambie umeahirisha kumchukua kwa sababu nyumba yenu ni ndogo, na lawama nyingine nitupie mimi, utakayoipata. Tukienda kuchota maji ziwani, huko ndiko utakaponiita dada.

Msalimie sana Inessa. Mbusu Alyona kwa niaba yangu, na mwambie soksi za bibi zinakuja, moja ndefu na moja fupi. Glafira anakusalimu, na mbuzi pia. Mungu awalinde na baridi iliyobaki.

Ni mimi dada yako,
Tamara