Mkono wa Kushoto Kwenye Kiwiko

Alhamisi

Mabega yananiuma. Siku nzima nimepunga mkono mbele ya skrini mpya ya dukani, ile inayokuonyesha umevaa kitenge ulichochagua bila kuigusa.

Wateja wanainyooshea mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima, kama wanavyompa mtu kitu. Skrini inaona mikono miwili, inaganda.

"Mama, mkono mmoja tu," nikamwambia mama mmoja mzee.

"Mukono moja? We mutoto, kwenu hawakukufundisha adabu?"

Patroni, mwenye duka, amesema skrini isipotumika hadi Jumamosi atairudisha, na mimi niliyeajiriwa kwa ajili yake nitaondoka nayo. Naogopa. Nyumba yetu bado haina hata pazia.

Halafu Idi wangu, mume wa wiki tatu! Katoka gereji amechoka, na bado kanipikia chai. Nikaipokea kwa mkono mmoja.

"Eh, bibi arusi," akacheka, "mi nimekuwa skrini?"

Nilitamani kulia. Nikamrudishia kikombe, nikakipokea upya, mkono wa kushoto kwenye kiwiko.

Siku moja tu, na mimi nimeshasahau. Kesho nitamwambia patroni amwite fundi aifundishe mashine adabu hii, awaache wateja walivyo.