Neno la Siri Ukutani mwa Mkahawa

Mtaa wa Tutzor,
Margilan.
14 Machi 2021

Mpendwa mdogo wangu Hafiza,

Pokea salamu zenye joto la tanuri, maana mkate umetoka sasa hivi na vidole vyangu bado vina unga. Hujambo wewe? Mgongo umepoa? Baridi ya Kirusi huko Samara imeanza kulegea au bado inawang'ata? Na shemeji, kifua chake je? Watoto wanakula? Nijibu moja baada ya jingine, usiniandikie "sote wazima" tu kama daktari mwenye haraka.

Sisi huku hatujambo. Mti wa aprikoti umechanua kabla ya wakati wake, nami naugombeza kila asubuhi, maana baridi haijaaga. Goti langu ni lile lile, halipandi wala halishuki. Oydin alikuwa amenenepa kidogo, namshukuru Mungu, ila juzi hapa nusura nyama yote imtoke mwilini kwa sababu ya watu wenye macho makavu. Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Kwa simu nisingeweza, ningepiga kelele ungekata. Barua utaletewa na mama yake Sherzod anayekuja kumwona mwanawe, pamoja na mfuko wa aprikoti kavu. Uangalie kama haujafunguliwa njiani, namjua yule.

Unajua kwamba Oydin huchora nakshi za hariri. Marehemu baba yake alikuwa akizichora kwa kaa juu ya nyuzi zilizotandazwa, na mtoto akikaa miguuni pake akitazama mkono unavyokwenda. Leo mtoto huyo huyo anachora kwenye kompyuta, na nakshi zake zinatoka kama maji yanayotembea. Wafumaji wa mtaa wa chini wananisimamisha sokoni: "Mama Oydin, binti yako ana nafasi?" Sijisifu, dada yangu. Mimi nimeshona kofia maisha yangu yote na darasani sikufika mbali. Nasema tu yaliyopo.

Basi karakana kubwa ya hariri ya Tashkent ikasikia habari zake, wakataka kumjaribu. Akifaulu, kazi ataifanya hapa hapa nyumbani! Asivuke milima, asilale bweni la watu, ale chakula changu. Masharti yalikuwa mepesi: kila asubuhi saa tatu kamili, msimamizi wao, Bi Feruza, anapiga simu ya video, Oydin anachora huku yeye akitazama. Nilimfulia mtoto pazia la nyuma yake, nikamvika mtandio wa kijani.

Asubuhi ya kwanza, kompyuta ikakataa kuingia kwenye waifai. Waifai yetu ile, ya kisanduku kilichokaa kwenye shubaka karibu na mabuli ya chai. Kompyuta inakiona kisanduku, inabisha hodi, kisha inasema haiwezi kuunganishwa. Na simu yangu mimi, ya kizee, inaingia vizuri kabisa, inanionyesha mapishi! Oydin akazima kisanduku, akakiwasha. Ikaingia, lakini saa tatu ilikwishapita. Bi Feruza akamsamehe. Alipofunga kompyuta tule chakula cha mchana na kuifungua tena, tumerudi pale pale: hodi, hakuna wa kuitikia.

Binti yangu si wa kukaa akalia. Aliiambia kompyuta iusahau mtandao wote, akauandika upya na neno la siri herufi kwa herufi. Wapi! Akasema labda ni kuta zetu za udongo, unene wake unaujua, sauti tu haipiti seuze waifai. Akaibeba kompyuta akaiweka kwenye shubaka lenyewe, karibu iguse kisanduku. Wapi! Asubuhi ya pili akazima na kuwasha mara kwa mara, lakini safari hii haikuingia kabisa. Bi Feruza akapiga kwenye simu ya mkononi, na sauti yake sikuipenda. "Mwanangu," akamwambia, "kuchora unajua. Lakini mimi siwezi kuajiri mtu ambaye simpati. Kesho saa tatu nikikukosa, kazi nampa msichana wa Samarkand."

Samarkand, Hafiza! Wanajua nini kuhusu hariri yetu?

Nikawapigia kampuni ya mtandao, jina lake sitalitaja nisichafue barua. Wakamleta kijana mwenye nywele za mafuta. Akavitazama vitaa vya kisanduku, vyote vinawaka. Akaitazama simu yangu, imeunganishwa. Kompyuta hakuigusa, aliitazama kwa mbali kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Mama, mtandao mzima. Kompyuta yenu ndiyo imekufa. Nunueni nyingine."

"Imekufa vipi na inachora?" nikamuuliza.

"Itakuwa imekufa upande mmoja."

Upande mmoja! Kama mzee aliyepigwa na kiharusi! Na wakati anasema hivyo alikuwa anakula mkate wangu, akiuchovya kwenye jemu yangu ya aprikoti, na alipoondoka akauliza kama kuna mkate wa kumpelekea mama yake. Nilimfungia. Wewe unanijua, hasira ni hasira, lakini mtu hatoki kwangu mikono mitupu. Sasa nikikumbuka nataka kwenda kumnyang'anya.

Oydin aliifunga kompyuta kwenye shali akaipeleka kwa rafiki yake barabara ya pili. Kule ikaingia kwenye waifai yao papo hapo, bila hodi mbili. Akarudi anakimbia. "Mama, kompyuta nzima! Ni kisanduku chetu ndicho kinachoikataa. Hebu zima simu yako."

Nikazima. Kompyuta ikaingia! Tukakumbatiana. Kisha nikawasha simu yangu, na simu ikagonga mlango, ikaachwa nje.

Mtoto akakaa chini akacheka kicheko kibaya. "Nimejua. Kisanduku ni kama meza ya chakula, Mama. Kina nafasi zake. Zikijaa, anayechelewa anabaki amesimama. Simu yako haitoki mezani usiku wala mchana, ndiyo maana haikuwahi kukosa. Kompyuta yangu ikiinuka tu, mtu anakalia kiti chake."

"Mtu gani? Tuko wawili!"

"Hilo ndilo ninalokuuliza. Neno la siri ulimpa nani?"

Nilimpa Nozima, mke mpya wa jirani, tangu vuli. Alikuja mlangoni na bakuli kuomba hamira, macho chini kama bibi harusi afanyavyo, halafu akaniomba na neno la siri ampigie mama yake huko Andijan. Sasa ningefanyaje? Hamira hainyimwi mtu, sisi wawili tulifundishwa na mama mmoja. Ukimnyima jirani hamira, mkate wako unadoda mwaka mzima. Nikampa vyote viwili, na sioni aibu.

"Nozima ni mmoja," Oydin akasema. "Kisanduku kimejaa, Mama!"

Tukiwa tumesimama hivyo, akakizima tena ili akiwashe. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, pale penye mkahawa wa Tursunboy, nikasikia wanaume wanaguna kwa pamoja: "Aaa! Imekatika tena! Farasi ameshika mbuzi ndipo inakatika!"

Tukatazamana. "Washa," nikamwambia. Akawasha. Tukangoja. Ng'ambo ya ukuta vifijo vikalipuka, farasi anakimbia. "Zima." Maguno. "Washa." Vifijo. Hafiza, binti yangu anapoteza riziki yake, na mkahawa mzima umekaa kwenye kiti chake unatazama kwenye televisheni ule mchezo wa wapanda farasi wanaogombea mzoga wa mbuzi!

Nilijifunga mtandio nikatoka. Ndiyo, nilikwenda mkahawani. Ndiyo, wa wanaume. Huko shemeji akisikia asijifanye kushtuka. Nikavuka kizingiti na kelele zikafa, vikombe vikabaki hewani. Na ukutani juu ya samawari, kwenye ubao anaoandika bei ya supu, nikaona maandishi ya chaki, makubwa, mbele ya kila mpita njia: FundiRahmatilla.

Ndilo neno la siri letu. Mtoto alichagua jina la baba yake. Jina la mume wangu, chini ya supu, juu ya kachumbari!

"Karibu, dada Salomat," Tursunboy akasema, kitambaa begani. "Kuna tatizo?"

"Nani kakupa hilo?"

"Mume wa Nozima, tukicheza sataranji. Kwani vibaya? Hewa tu hiyo, dada. Hewa inapungua?"

"Hewa hii ina viti, Tursunboy! Na wewe umewakalisha wateja wako kwenye kiti cha mwanangu!"

Mmoja akacheka kule nyuma, akadakia, "Basi atuongezee viti, tutaleta na mito yetu!" Wakacheka wote. Kucheka!

"Chekeni," nikasema. "Mlipokula pilau ya mazishi yake mlilia mbele yangu, na wewe Tursunboy ulilia kuliko wote. Ukasema, dada, watoto wa Fundi Rahmatilla ni watoto wetu. Basi kesho saa tatu mtoto wake anaulizwa kama ana kazi au hana. Mmemsaidia hivi? Nozima alikuja mlangoni kwangu, akaomba, nikampa. Hamira huombwa mlangoni, haibandikwi ukutani!"

Nikachukua ncha ya mtandio wangu nikalifuta lile jina mimi mwenyewe. Wale watu wazima wakapandisha viganja wakapitisha nyusoni kumrehemu marehemu. Tursunboy akatazama viatu vyake. Kisha, Hafiza, mtu huyu hana dawa, akaninong'oneza, "Dada, mchezo umebaki kidogo tu uishe..."

Nikamtazama. Akaenda kuzima televisheni.

Nyumbani nilimwambia Oydin abadilishe neno la siri, tusimpe kiumbe. Lakini nilikuwa nimejiinamia, maana sijawahi kufunga mlango wangu kwa mtu, wala mama hakuwahi. Mwanangu akaniona. "Mama," akasema, "nyumba yetu si ina ua wa ndani na ua wa nje? Wageni wanakaa ua wa nje, wanakula, wanacheka, lakini hawaingii jikoni. Kisanduku nacho kinaweza." Akaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akakifungulia mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye jina lake na neno la siri lake, nao akaupa saa za kufunguka. Ule wa ndani, kwa neno jipya la siri, ni wetu sisi wawili, hata Nozima haujui. Aliyepaswa kujua hilo ni yule wa nywele za mafuta! Amelijua binti yangu, peke yake, bila kulipwa jemu.

Kesho yake saa tatu kasorobo nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na tasbihi. Kompyuta ikabisha hodi, ikaingia. Bi Feruza akatokea kwenye kioo, safi kama yuko chumbani kwetu. Oydin alichora bila kukatika hata pumzi moja. Yule bibi alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekufa, nikawa tayari kuupanda ukuta wa Tursunboy. Kumbe alikuwa anatazama. "Usiifute hiyo," akasema. "Hiyo nitaifumisha. Jumatatu uanze kazi rasmi." Niliuma mtandio nisipige vigelegele. Samarkand wamtafutie msichana wao kazi nyingine.

Nozima alijificha kwa aibu, maskini, akaona heri aoke mkate uliododa kuliko kuja kuomba hamira. Mumewe ndiye wa kulaumiwa, yeye hana kosa. Nilimpelekea mkate wa moto na neno la siri la ua wa nje, akalia, nikamwambia ampigie mama yake.

Tursunboy alimtuma mkewe na sahani ya halua. Halua tuliila, neno sikutoa. Akamtuma mwanawe na limau. Limau nzuri, neno sikutoa. Juma lililopita akaja mwenyewe, amevua kofia, akasimama nje ya lango langu kama mtu anayeposa. "Dada Salomat, naomba."

Nikampa, kwa sababu ameomba. Lakini nikamwambia, ua wa nje hufunguliwa saa kumi na moja jioni, binti wa Fundi Rahmatilla anapomaliza kazi, na farasi wake watasubiri. Sasa kila alasiri nawasikia ng'ambo ya ukuta, wanaume wazima na ndevu zao, vikombe vinagongana, mmoja anauliza, "Hajafunga tu ofisi?" na Tursunboy anajibu, "Kimya wewe, binti yuko kazini!"

Nisalimie shemeji Anvar, umsomee na ile sehemu ya mkahawa. Nisalimie mkweo Dildora na mjukuu wetu Behzod, umbusu mashavu yote mawili. Oydin anakusalimu, angeongeza mstari lakini yuko na Bi Feruza, na mimi katika saa za kazi simwiti. Mungu akupe afya ya mgongo, akulinde ugenini, asikutie njaa wala haja ya kumwomba asiyetoa.

Mimi dada yako nikupendaye kwa moyo wote,
Salomat, mama yake Oydin