Blauzi kavu

Kasongo, Jumanne

Haikulowa. Tangu direkta akataze nisifike na mutoto ku masomo, kila asubuhi maziwa ilikuwa inachuruzika mu blauzi mbele ya wanafunzi. Wanacheka. Nikaomba Mungu maziwa ikome.

Leo nimefundisha mpaka saa sita, blauzi iko kavu. Nilifurahi kidogo, kisha woga ukaniingia, nikakimbia nyumbani.

Mariamu alivuta titi, akaliacha, akalia. Akavuta tena. Iko na miezi mbili tu, na mimi...

Mama mukwe, mwenye kubaki naye, alikuwa anakoroga uji ya mihogo. "Usiogope, binti yangu," akasema. "Atazoea uji."

Ni hiyo ndiyo ninaogopa. Mungu wangu, yale maombi yangu, usiyasikilize.