Vitufe Kumi na Tisa na Kipande cha Dodoki

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla ya Ijumaa, maana nimesifiwa kwa kazi isiyo yangu na sifa hizo zimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ni fundi wa vifaa hospitalini, huu mwaka wa ishirini na mbili, na rimoti za vitanda vyetu vya umeme zilipokufa moja baada ya nyingine nikajifungia karakanani miezi minane nikaunda yangu, yenye vitufe kumi na tisa, cha kichwa, cha magoti, cha kuinamisha kitanda kizima, cha kukirudisha kilipokuwa, kila kimoja na maandishi yake meupe madogo mazuri, na sikufichi, niliipenda rimoti ile kama kifungua mimba, hata wauguzi walipolalamika kwamba wagonjwa hawaielewi nikawajibu wasome maelekezo, ni kurasa kumi na mbili tu.

Mungu si Athumani, akalazwa baba mkwe wangu, mapafu yamemjaa maji, pumzi ikimbana lazima aketi, na siku ya pili nakwenda kumjulia hali namkuta kakunjwa, kichwa juu, miguu juu, chai yote kifuani, nami mkwewe nimesimama mlangoni sijui nitazame wapi, naye anahema, anasema, "Mkwe, nilitaka kunywa chai, kitanda kikataka kuninywa mimi."

Kesho yake nakuta rimoti yangu ya kitandani kwake imebandikwa plasta ya vidonda juu hadi chini, vitufe kumi na sita vimezikwa, vimebaki vitatu, cha kumwita muuguzi, cha kulala, na cha kuketi, ambacho nilikuwa nimekitupa pembeni kama mtoto wa kambo ingawa ndicho kinachoinua mgongo na magoti kwa pamoja ili mgonjwa asiteleze, na juu ya hicho cha kuketi pamegundishwa kipande cha dodoki, kinakwaruza, na juu ya cha kulala kifungo cha shati, laini. Kumbe ni kazi ya mama wa usafi, ambaye wodi nzima inamwita Mama Mapovu, nikamwendea nimefura, "Nani kakuruhusu?" naye hata hakuacha kupiga deki, "Fundi, inua mguu," nikainua, akapitisha, ndipo akasema, "Mtu akibanwa na pumzi hatafuti miwani."

Na kweli, baba mkwe alifumba macho, kidole gumba kikapapasa kikakuta dodoki, kitanda kikamketisha taratibu, alipoachia kikasimama, akanywa chai yake yote, akaniambia, "Mwambie fundi wenu ahsante sana," nami ndiye fundi, nikajua dawa zinamchanganya mzee wa watu.

Mara akapita matroni, akaijaribu, akanipiga begani, "Fundi, hatimaye!" nami, mshauri, nikatabasamu. Hilo ndilo kosa langu, tabasamu. Sasa Ijumaa wakubwa wanakutana kuamua rimoti ya vitanda vyote sitini na mimi ndiye wa kueleza, na nikisema ukweli naogopa watacheka kwamba fundi kafundishwa na fagio, au mbaya zaidi waitupe rimoti yenyewe waseme ni mchezo wa mfagiaji, wagonjwa warudi kukunjwa, kwa hiyo nimewaza niongeze vitufe vinne tu, ili nami niwe na jasho langu humo. Mama Mapovu ananisalimia vilevile, na hilo ndilo linalonimaliza. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Mwiba

*

Fundi,

Pole. Pole yenyewe imekwisha, sasa tuseme.

Miezi minane ya kazi bila mtu kukutuma si haba, na hicho kitufe cha kuketi ni kazi ya fundi hasa: mota mbili zinazopanda pamoja bila kugombana. Nyumbani kwangu watu wawili tu hawajaliweza hilo. Ulikiunda wewe. Mama Mapovu alichokifanya ni kukiona, katikati ya ndugu zake kumi na wanane waliokuwa wakipiga kelele. Kazi zote mbili ni za heshima. Ya pili ni adimu zaidi.

Vitufe vinne? Hapana. Hata kimoja. Nina feni yenye swichi tano, na miaka sita sasa sijui ya tano inafanya nini. Aliyeiweka naye alitaka jasho lake lionekane. Vile kumi na sita vipeleke miguuni pa kitanda, chini ya kifuniko, ambako muuguzi atavifikia na mgonjwa hatavigusa.

Kabla ya Ijumaa panda kitanda hicho ulale chali, shuka hadi kidevuni, macho umefumba, ujaribu kuketi kwa rimoti yako ya kwanza. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipolala humo hata mara moja. Uliunda rimoti ya aliyelala ukiwa umesimama.

Kisha umuulize Mama Mapovu jambo ambalo wewe hulijui na yeye analijua: dodoki na plasta vitasafishwaje kwenye vitanda sitini? Dodoki hunywa uchafu. Pengine mpira wenye vipele utafaa, pengine ana wazo bora. Atakayeufuta kila siku ni yeye.

Ijumaa ukiitwa mbele, nenda naye. Usimtaje kwa mbali kama anayeshukuru mvua. Mpe rimoti mkononi aeleze, wewe eleza nyaya. Wakicheka, mlaze anayecheka zaidi, mfunge macho, mwambie aketi. Hawatatupa kitu ambacho mkubwa wao kakiweza mara ya kwanza.

La mwisho. Baba mkwe wako hakuchanganywa na dawa yoyote. Plasta ilibandikwa yeye akiwa kitandani, akitazama. Aliyemkunja anamjua, aliyemkunjua anamjua, ila wewe ni mkwe na mzee ana adabu zake, ndiyo maana hakukusema, alikutuma. Umpe fundi aliyemkusudia ahsante yake. Hadi leo hujaifikisha.

Anza na hiyo, leo hii, kabla Mama Mapovu hajamaliza kupiga deki. Na akikwambia uinue mguu, inua.