Bango la Wafiwa Nililolitengeneza Peke Yangu

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Mjomba Acheampong anazikwa Jumamosi. Siku hiyohiyo wazee watamtaja mkuu mpya wa ukoo: mimi au ndugu yangu Frimpong. Kumasi nzima inajua ni mimi. Nimejitolea kutengeneza bango la wafiwa – picha mia na arobaini, ya marehemu ikiwa ya kwanza, kila moja na jina chini yake. Frimpong akadakia, "Owusu, si uliishia darasa la sita?" Nikamwambia kompyuta haiulizi cheti. Niliwahi kufufua ya benki kwa kijiko tu. Meneja alilia.

Jumatano, 14 Agosti
Kila picha imehifadhiwa kwa jina la mtu, na mkiani .png. Kazi ni kuondoa mkia, libaki jina. Mpwa wangu Serwaa, anayeandika programu Accra, kapiga simu. Eti, "Mjomba, usitumie amri ya kukwangua. Ile haijui mkia. Ukiipa nukta, p, n na g, itakwangua kila herufi ya namna hiyo mwishoni, hadi ikutane na isiyomo. Tumia ile inayokata mkia mzima." Nikamwambia nilikuwa nakwangua kabla hajazaliwa. Nimejaribu Owusu.png. Limebaki Owusu. Safi kabisa. Kujaribu jina la pili la nini?

Alhamisi, 15 Agosti
Bango limechapwa. Mita sita! Sikulifungua, limeviringishwa vizuri. Nimelitangazia soko zima: kila herufi imepita mkononi mwangu, hakuna aliyenisaidia.

Jumamosi, 17 Agosti
Limetundikwa uwanjani, mbele ya watu wote waliovaa nyekundu na nyeusi za msiba. Bibi Pokuaa, mama wa ukoo, akauliza: "Acheampo ndiye nani? Leo tunazika mgeni?"
Boateng kawa Boate. Oppong, Oppo. G imeliwa, n imeliwa, ikakwama kwenye e au o. Kama alivyosema yule mtoto.
Frimpong akasogea hadi kwenye picha yake. "Mimi Frimpo. Marehemu kakatwa. Anayeutaka ukuu, jina lake limebaki zima."
Nikasema ni kompyuta. Bibi akasema, "Si kila herufi ilipita mkononi mwako, baba?"
Nimeomba udhuru. Naandika haya chooni. Nje wazee wameshakaa, na namsikia Bibi akimuuliza Serwaa, aliyekuja mazishini kutoka Accra, kama ni yeye aliyenisaidia.
Wanagonga mlango.
Sema ndiyo, mwanangu. Mara hii tu, nilisaidiwa –